Moto wa Bweni na Yanayofuata

Usiku wa tarehe 5 Septemba 2024 bweni la wavulana la Hillside Endarasha Academy, kaunti ya Nyeri nchini Kenya, liliteketea. Watoto 21 walifariki. Ndani ya msiba huo kulikuwa na msiba mwingine mdogo: siku ya kwanza ilitangazwa kuwa watoto 70 hawajulikani walipo. Wengi wao walikuwa hai. Wako waliochukuliwa na wazazi usiku uleule, wako waliohifadhiwa na majirani. Kilichokosekana ni kumbukumbu moja ya kuaminika ya nani kaondoka na nani, na wazazi wakashinda getini bila jibu.

Kanuni za majengo hazikosekani. Mwongozo wa usalama wa shule wa Kenya wa mwaka 2008 unataka milango ya bweni ifunguke kwa nje na isifungwe kwa nje wanafunzi wakiwa ndani, madirisha yasiwe na vyuma, na uwepo mlango wa dharura katikati. Kila sharti hapo lina makaburi nyuma yake: wasichana 26 waliokufa motoni katika shule ya Bombolulu, Kwale, mwaka 1998, na wavulana 67 wa shule ya Kyanguli, Machakos, mwaka 2001. Kote kuwili palikuwa na vyuma dirishani na mlango uliofungwa. Kufuli hilo, tuseme kweli, mara nyingi huwekwa kwa nia njema. Mwalimu mkuu anamwogopa mwizi na mwanafunzi mtoro, ambao huwaona kila muhula, kuliko moto ambao hajawahi kuuona.

Linalopangwa kidogo zaidi ni hali ya watoto waliookoka. Katika shule za Kenya mioto mingi huwashwa na wanafunzi wenyewe, na baada ya Kyanguli wavulana wawili walishtakiwa. Kwa hiyo mtoto aliyetoka motoni anaweza kuwa, kwa wakati mmoja, mfiwa, shahidi na mshukiwa. Anahojiwa na polisi asubuhi, jioni anaambiwa amfungulie moyo mshauri. Atanyamaza, na ana haki. Mpango wa shule hauna budi kutenganisha kazi hizo mbili mapema: anayechunguza asiwe anayefariji, na mtoto ajue ni yupi kati yao yuko mbele yake.

Kumfariji nako kuna utaratibu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2011, linashauri tutazame, tusikilize na tumuunganishe mtu na msaada. Halitaki alazimishwe kusimulia yaliyompata. Desturi yetu ya kuwakusanya watoto wote ukumbini, mgeni mmoja akawahutubia na kuondoka, haifiki hapo. Watoto wengi huimarishwa na mambo ya kawaida: chakula kwa saa yake, usingizi, rafiki wa kitanda cha jirani, mwalimu yuleyule darasani. Wachache watahitaji mtaalamu, na dalili zao huweza kujitokeza miezi kadhaa baadaye, pengine mwaka ukitimia. Mwalimu naye kwa kawaida hurudi kufundisha bila kuulizwa hali.

Mzazi, unapompeleka mwanao bweni muhula ujao, uliza mambo mawili kabla ya kulipa karo: nani anashika ufunguo saa nane za usiku, na nakala ya orodha ya majina inawekwa wapi nje ya bweni.