"Bedlam": Hospitali iliyogeuzwa jina la vurugu

Mashabiki wakivamia uwanja baada ya bao la dakika ya mwisho, au wabunge wakizomeana hadi sauti ya spika isisikike, magazeti ya Uingereza huandika kwamba palikuwa na "bedlam". Ndiyo hali ambayo Mswahili huiita patashika nguo kuchanika. Wengi wanaolitumia neno hilo hawakumbuki kwamba wanataja hospitali, na kwamba jina la hospitali hiyo lilitokana na mji wa Bethlehemu.

Mwaka 1247, Simon FitzMary, tajiri aliyewahi kuwa sherifu wa London, alitoa ardhi yake ya Bishopsgate ijengwe nyumba ya watawa ya Mtakatifu Maria wa Bethlehemu. Vinywani mwa wakazi wa jiji jina likafupika: Bethlem, kisha Bedlam. Baadaye nyumba hiyo ikawa hospitali, na kufikia mwaka 1403 kumbukumbu zinaonyesha kuwa wagonjwa wa akili walikuwa wakiishi humo.

Mwaka 1676 hospitali ilihamia Moorfields, kwenye jengo lililosanifiwa na Robert Hooke. Kwa nje lilikuwa kasri. Ndani, wagonjwa walitiwa minyororo, wakatolewa damu na kutapishwa, mambo yaliyohesabiwa kuwa tiba. Watu wa mjini waliruhusiwa kuingia kuwatazama, wakiacha pesa mlangoni, na wapo waliowachokoza wagonjwa ili wapate kicheko. Mchoraji William Hogarth aliionyesha aibu hiyo mwaka 1735: katika picha ya mwisho ya mfululizo wake wa "A Rake's Progress", wanawake wawili waliovalia kitajiri wanatembea katikati ya wagonjwa kama watu waliokwenda kustarehe. Mwaka 1770 milango ilifungwa kwa watazamaji wa aina hiyo.

Neno, hata hivyo, lilikuwa limekwisha kutoka nje ya kuta. Tangu karne ya 17 Waingereza walilitumia kwa ghasia yoyote ile.

Mwaka 1814 wakaguzi walimkuta ndani ya Bethlem James Norris, Mmarekani aliyefungwa kwa vyuma shingoni na mwilini kwa miaka mingi. Habari zake ziliishtua nchi, na mwaka uliofuata kamati ya Bunge ikachunguza hali za hospitali za wagonjwa wa akili. Bethlem yenyewe ingali inatibu watu hadi leo, huko Beckenham, ilikohamia mwaka 1930.

Afrika Mashariki nayo ina majina yake ya namna hii. Tanzania Bara, anayefanya vituko huambiwa apelekwe Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoko Dodoma. Zanzibar hutajwa Kidongo Chekundu. Kenya hutajwa Mathari, hospitali ya Nairobi iliyoanzishwa mwaka 1910. Msemaji huona ni utani tu. Mama anayeuguza kijana wake nyumbani husikia tusi, akaona haya kumtoa nje, sembuse kumpeleka kwa daktari. Hospitali hizo tatu zinapokea wagonjwa kila siku, na wapo ambao wangefika mapema zaidi kama majina yake yasingekuwa ya kuchekea watu.