Namba Zinazofanana Si Lazima Ziwe Namba Ileile

Mlipuko wa ugonjwa wa Marburg ulitangazwa wilayani Biharamulo tarehe 20 Januari 2025. Hadi ulipotangazwa kuisha mwezi Machi, wagonjwa 10 walikuwa wamehesabiwa, 2 kati yao wakithibitishwa na maabara, na wote walifariki dunia. Waliokaribiana na mgonjwa wa Marburg hufuatiliwa kwa siku 21. Katika kazi ya namna hiyo, namba iliyobandikwa kwenye chupa ya sampuli ndiyo inayosimama mahali pa mtu. Majibu yakibadilishana wenyewe, aliyeambukizwa anaweza kuruhusiwa kurudi kwa watoto wake.

Namba hizo sasa husomwa na kompyuta, nayo hulinganisha kama ilivyoagizwa. Katika lugha ya programu ya PHP, alama mbili za sawa huagiza ulinganisho legevu: maandishi mawili yanayosomeka kama namba hugeuzwa kwanza kuwa namba, kisha thamani zake hupimwa. Kwa hiyo “0127” na “127” huwa sawa. Herufi E katikati ya tarakimu huhesabiwa kuwa alama ya kuzidisha kwa kumi. “5E2” husomeka kama 500, na “0E12” hulingana na “0E34” kwa kuwa zote ni sifuri. Toleo la 8 la mwaka 2020 lilirekebisha baadhi ya kasoro za ulinganisho, lakini hii ilibaki. Alama tatu za sawa hulinganisha maandishi yenyewe, herufi kwa herufi, na hukataa jozi zote hizo.

Jedwali la Excel nalo hufuta sifuri za mwanzo, isipokuwa safu imepangwa mapema kuwa ya maandishi.

Hata hivyo, ukali wa kompyuta hautoshi. Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, kama kwingineko Kagera, jina moja laweza kuandikwa kwa R au kwa L: Rwakatare na Lwakatare. Kwa kompyuta, hao ni watu wawili.

Kwa sababu hiyo mhudumu huthibitisha vitambulisho visivyopungua viwili, kama vile jina kamili na tarehe ya kuzaliwa, kabla ya kutoa jibu au dawa. Mgonjwa naye asione usumbufu akiulizwa jina lake mara ya pili. Na asipoulizwa, alitaje mwenyewe.