Mufanyabiashara anazaliwa ao anafundishwa?

Katika kopa zetu kunasikika neno hili mara nyingi: «Fulani iko na damu ya biashara, mimi sina.» Neno hilo linatuletea hasara. Wakati wa kuchagua mutu wa kusimamia depo ya maharagi, tunachagua yule anajua kusema, ao yule haogopi madeni.

Watafiti walipima jambo hili kule Togo, katika muji wa Lomé, kwa wafanyabiashara wadogo 1.500. Waliwagawa mafungu matatu. Fungu moja halikupata masomo. La pili lilifundishwa hesabu na namna ya kuuzisha. La tatu lilifundishwa kujianzishia kazi: kutangulia kabla ya kutumwa, kutazama mbele, kutafuta kile jirani hafanye, kutoacha wakati kizuizi kinatokea. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 2017. Kwa miaka miwili, faida ya fungu la tatu ilipita ya wale hawakufundishwa kwa 30 kwa mia. Fungu la hesabu lilipita kwa 11 tu, na hiyo watafiti hawakuweza kuitofautisha na bahati.

Sisemi hesabu ni bure, depo bila daftari inakufa. Lakini ile tabia tunaita damu, watu wazima waliifundishwa.

Tuone kwa maharagi. Mwezi wa kwanza kila mutu anavuna, bei inashuka, mucuuzi anafika na gari. Wengi wanauza siku ileile, sababu deni inangoja, na siwezi kuwalaumu. Mwenye tabia tunayotafuta hana feza kuwapita. Yeye alianza mwezi wa kumi na moja: akahesabu deni yake, akatafuta mifuko yenye nailoni mbili ndani. Maharagi yakikauka vizuri na mufuko ukifungwa sana, wadudu wanakosa hewa, wanakufa bila dawa. Anauza sehemu ya kulipa deni; ingine inangojea kupanda kwa msimu B, wakati watu wanatafuta mbegu. Munaona, mutu huyo hapendi hatari. Anaipunguza mapema.

Basi kwa mukutano wenu wa kuchagua, mumuulize kila mutu: mwaka uliopita ulianza kitu gani bila kutumwa? Kilipokwama, ulifanya nini? Kama ni mama mwenye sauti ndogo ndiye anajibu vizuri, mumupatie ufunguo wa depo. Daftari tutamufundisha.