Steringi Naye Hufa: Tunavyopaswa Kuyasoma Maisha ya William Holden

Sisi tuliolelewa mjini Isiolo tulikuwa na imani moja ambayo hakuna mwalimu aliyetufundisha, nayo ni kwamba steringi hafi. Tulipobanana kwenye mabenchi ya chumba cha video, tukiwa tumekwisha kumkabidhi mwenyewe sarafu zetu pale mlangoni, tulijua tangu mwanzo ni nani atakayepona. Risasi zingewamaliza maadui, hata marafiki, lakini steringi angeinuka, akajipangusa vumbi na kwenda zake. Neno lenyewe, kama mwanafunzi yeyote wa isimu atakavyong'amua, limetokana na kitenzi cha Kiingereza kilichokuwa kikiandikwa kwenye mabango ya sinema karibu na jina la mwigizaji mkuu. Tulilitwaa neno hilo, tukalitia irabu mwishoni, tukalifanya nomino, kisha tukalivika itikadi nzima.

Imani hiyo ilitikisika siku tulipoonyeshwa The Bridge on the River Kwai, filamu ya mwaka 1957. Shears, mateka wa Kimarekani aliyetoroka kambi ya Wajapani kisha akarudishwa kwenda kulipua daraja, anauawa ukingoni mwa mto. Chumba kizima kilinung'unika kana kwamba tumedhulumiwa nauli. Mzee mmoja jirani yetu, aliyekuwa askari wa King's African Rifles huko Burma, alikuwa miongoni mwetu kwa sababu aliambiwa kwamba sinema hiyo inahusu vita vile vyao. Yeye hakunung'unika. Aliuliza tu, kwa sauti ya chini, "Na sisi tuko wapi?"

Aliyecheza nafasi ya Shears ni William Holden. Wakati huo sikujua kwamba mtu huyo aliwahi kuwa, kwa namna fulani, jirani yetu. Ukitoka Isiolo ukapanda mlima kupitia Subuiga na Timau, mwendo wa takriban kilomita 80, unafika Nanyuki, mahali ambapo mwigizaji huyo aliweka sehemu kubwa ya moyo wake na mali yake. Kwa hiyo maisha yake yanatuhusu, na ni vyema walimu na wanafunzi wetu wayasome kwa jicho pevu.

Alizaliwa tarehe 17 Aprili 1918 katika mji wa O'Fallon, jimbo la Illinois, akaitwa William Franklin Beedle. Jina la Holden alipewa na kampuni ya filamu alipoajiriwa, maana katika biashara ile hata jina la mtu ni bidhaa. Mwaka 1939 alipata nafasi kuu katika Golden Boy. Alikuwa mchanga katika kazi, na nusura afukuzwe. Aliyemtetea na kumfunza ni mwigizaji mwenzake, Barbara Stanwyck, ambaye tayari alikuwa na jina kubwa. Deni hilo Holden hakulisahau. Mwaka 1978, wakiwa wamesimama pamoja jukwaani katika hafla ya tuzo za Oscar, aliacha shughuli iliyowapeleka pale akamshukuru mbele ya ulimwengu. Ajabu ni kwamba alipopokea Oscar yake mwenyewe mwaka 1954, kwa filamu ya Stalag 17, hotuba yake ilikuwa fupi mno: aliishia kusema asante.

Baada ya kutumikia jeshi la anga la nchi yake katika Vita vya Pili vya Dunia, sifa zake zilipaa mwaka 1950 kwa Sunset Boulevard, nafasi aliyoipata baada ya Montgomery Clift kujitoa. Filamu hiyo inaanza kwa maiti yake ikielea katika bwawa la kuogelea, na ni marehemu huyo anayetusimulia kisa chote. Hapo ndipo tunapoona upekee wa Holden. Katika The Bridges at Toko-Ri ya mwaka 1954, anakufa. Katika Love Is a Many-Splendored Thing ya mwaka 1955, anakufa. Mtoni Kwai anakufa, na katika The Wild Bunch ya mwaka 1969 anakufa pia, tena kwa mvua ya risasi. Laiti tungeziona filamu hizo zote katika kile chumba cha video, ile itikadi yetu isingedumu hata wiki moja.

Nje ya skrini mambo yalikuwa mazito zaidi, na mwalimu mwaminifu hatayaficha. Holden alikuwa mtumwa wa pombe. Mwaka 1966, nchini Italia, gari alilokuwa akiendesha liligongana na jingine, dereva wa pili akafa, na mahakama ikampa Holden kifungo cha miezi minane kilichoahirishwa. Mnamo Novemba 1981, akiwa peke yake katika nyumba yake huko Santa Monica, California, aliteleza akiwa amelewa, akagonga kichwa kwenye ukingo wa meza na kuvuja damu hadi kufa. Siku kadhaa zilipita kabla ya maiti yake kugunduliwa. Mtu aliyetazamwa na mamilioni hakuwa na hata mmoja wa kumtazama saa ile.

Sasa turudi Nanyuki. Mwaka 1959, Holden na washirika wake wawili, Ray Ryan wa Marekani na Carl Hirschmann wa Uswisi, walianzisha Mount Kenya Safari Club katika jumba lililokuwa hoteli chini ya mlima. Tusidanganyane. Hilo lilikuwa jumba la starehe la matajiri wa kigeni, lililofunguliwa wakati hali ya hatari ilikuwa haijaondolewa rasmi nchini, na wenyeji wengi waliolikanyaga walilikanyaga kama watumishi. Lakini mtu hubadilika. Yule aliyekuja kuwinda alianza kuona kwamba wanyama wanakwisha. Mwaka 1967, pamoja na Don Hunt, alianzisha ranchi ya wanyamapori papo hapo, miaka kumi kabla ya serikali ya Kenya kupiga marufuku uwindaji mwaka 1977.

Baada ya kifo chake, mwigizaji Stefanie Powers aliyekuwa mwandani wake aliunda, mwaka 1982, wakfu wenye jina la Holden, na kituo cha elimu kikajengwa Nanyuki ili wanafunzi wa shule wajifunze kuhusu wanyama na mazingira. Ranchi nayo ikawa kimbilio la bongo wa mlimani, yule swala mkubwa wa rangi ya kahawia nyekundu mwenye michirizi myeupe, ambaye waliosalia porini hawazidi mia moja. Mwaka 2004 bongo 18 waliozaliwa Marekani waliletwa Nanyuki, na mwaka 2022 wanyama wa kwanza kutoka kizazi kilicholelewa hapo waliachiliwa katika hifadhi ya msituni ya Mawingu. Naona kwamba kazi hiyo ina uzito kuliko ile sanamu ya Oscar.

Lakini swali la yule mzee lingali linadai jibu. Kwa haki, Kwai halikuwa daraja lake. Reli ya Siam na Burma ilijengwa na mateka na vibarua wa Kiasia mwaka 1942 na 1943, ilhali askari wa Afrika Mashariki walipigana katika bonde la Kabaw mwaka 1944. Mzee hakuuliza habari ya filamu moja. Aliuliza habari ya filamu zote. Mji huu wa Isiolo ulikaliwa na askari wa Kisomali waliostaafu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wakachanganyika na Waborana, Wasamburu, Waturkana na Wameru. Ni mji wenye visa vya kutosha filamu mia.

Mwaka 1962 Holden alicheza katika The Lion, filamu iliyopigwa humu nchini, kuhusu msichana na simba rafiki yake. Sisi tulikuwa na kisa cha kweli. Simba Elsa alilelewa hapa Isiolo tangu mwaka 1956 na afisa wa wanyamapori George Adamson na mkewe Joy. Katika kitabu cha Joy wametajwa Nuru, aliyewatunza watoto wa simba, na askari wa wanyama Makedde. Dunia imesoma majina yao, lakini ni wanafunzi wangapi wa Isiolo wanaoweza kuandika aya moja tu kuhusu maisha ya watu hao wawili?

Siwalaumu Wamarekani. Wao wametunza kumbukumbu za mtu wao, wema wake na aibu yake, ndiyo maana nami nimeweza kumwandika. Mcheza kwao hutuzwa, lakini hawezi kutuzwa asiyeandikwa. Steringi hufa, kama wafavyo wengine wote. Anayebaki ni yule aliyepata mtu wa kumsimulia.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wa Kiswahili. Muhula ujao, mnapofundisha insha ya wasifu, msiwape wanafunzi jina la mtu maarufu wanayeweza kumnakili kutoka kitabuni. Watumeni kwa mzee mmoja kila mwanafunzi, wakiwa na daftari na kalamu, wamwulize alizaliwa wapi, alifanya kazi gani, aliogopa nini na ni nani aliyewahi kumtetea. Jirani yetu yule amekwisha kufa, nami sikumwuliza.