Uzi wa Kuvutia Samaki na Uzi wa Kurushia: Fizikia ya Lida ya Mshtuko

Jumapili moja asubuhi pale Coco Beach, Dar es Salaam, rafiki yangu alikuwa anajaribu fimbo yake mpya ya kuvulia. Fimbo ya mita 4, rili nzuri, uzi wa nailoni ulioandikwa ratili 15, na chubwi la gramu 150. Akarudi hatua mbili, akavuta pumzi, akarusha. Tukasikia mlio kama wa kiboko, na uzi ukalegea mikononi mwake. Kufumba na kufumbua, mchanga ukaruka kama mita hamsini kulia kwetu, pale pale ambapo muda mfupi kabla watoto walikuwa wanacheza mpira.

Mzee mmoja aliyekuwa anavua kwa mshipi wa mkono juu ya mawe akatusogelea. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaushika ule uzi kwa vidole viwili. "Mwanangu," akamwambia rafiki yangu, "huu ni uzi wa kuvutia samaki. Si wa kurushia."

Sentensi hiyo imebeba karibu somo zima. Uzi wa ratili 15 ni kama kilo 6.8. Chubwi lina uzito wa gramu 150 tu. Inakuwaje uzi unaoweza kuning'iniza kilo sita na ushee ushindwe na kipande cha risasi kinachoenea kiganjani?

Jibu ni kwamba wakati wa kurusha uzi haubebi uzito wa chubwi, unabeba mchapuko wake. Hebu tufanye hesabu kidogo. Kama hewa isingekuwepo, chubwi lililorushwa kwa pembe ya nyuzi 45 lingehitaji mwendokasi wa mita 31 kwa sekunde kufika mita 100. Hewa ipo, tena inapinga kweli kweli, kwa hiyo tuseme mita 40 kwa sekunde. Hiyo ni kilomita 144 kwa saa, kasi ambayo basi la mkoani likiifikia abiria wanaanza kusali.

Chubwi hupata kasi hiyo likiwa linazunguka kwenye kipande cha duara, na uzi ndio unaolizuia lisichomoke. Chukua nusukipenyo cha mita 5 (mikono, fimbo, na uzi unaoning'inia). Kani ya kulishikilia kwenye duara ni tungamo mara mwendokasi kwa kipeo cha pili, gawanya kwa nusukipenyo: 0.15 × 1600 ÷ 5 = nyutoni 48. Ongeza kani ya kulichapua mbele, kama nyutoni 20 ukikadiria kwamba linasukumwa kwa umbali wa mita 6. Kani hizi mbili zina pembe mraba, kwa hiyo tunatumia Pithagorasi na kupata nyutoni 52 hivi, sawa na kubeba kilo 5.3.

Utasema, basi uzi wa kilo 6.8 unatosha. Hautoshi, kwa sababu uzi wowote hukatikia mahali palipo dhaifu, na mahali hapo mara nyingi ni kwenye fundo. Fundo la kawaida likibakiza robo tatu ya nguvu ya uzi, zile kilo 6.8 zinakuwa 5.1. Tayari tumezidi! Na hesabu yetu ni ya mtu anayerusha kwa ulaini. Anayeanza hurusha kwa kukurupuka, na mkurupuko mmoja unaweza kuikuza kani hiyo hata mara mbili.

Hapo ndipo inapoingia lida ya mshtuko: kipande cha uzi mnene kinachofungwa mbele ya uzi mkuu, kazi yake ikiwa kuhimili mrusho. Wavuvi wa ufukweni wa Uingereza wana kanuni rahisi ya nguvu yake, ratili 10 kwa kila wakia 1 ya chubwi. Ukiigeuza kwa vipimo vyetu, lida iweze kubeba uzito wa chubwi mara 160. Gramu 100 inataka kilo 16, gramu 150 inataka kilo 24, gramu 175 inataka kilo 28. Kwa chubwi la rafiki yangu, hata ukikata robo kwa ajili ya fundo unabaki na kilo 18, zaidi ya mara tatu ya makadirio yetu. Ziada hiyo si anasa. Nailoni ikilowa hupungua nguvu, jua nalo huidhoofisha, na mkwaruzo mmoja wa mwamba wa matumbawe unaweza kuila nusu.

Kwa nini basi usijaze rili nzima uzi mnene ukamaliza habari? Nguvu ya uzi hufuata eneo la mkato wake, na eneo hufuata kipenyo kwa kipeo cha pili. Nailoni ya ratili 15 ina kipenyo cha milimita 0.35 hivi, ya ratili 60 ni kama 0.70. Unene mara mbili, nguvu mara nne, na uzito mara nne pia. Mita 100 za uzi mwembamba zina gramu 11. Za ule mnene zina gramu 44, karibu theluthi ya chubwi lenyewe, na zote lazima chubwi lizivute nyuma yake huku hewa ikizishika. Umbali unakufa. Yule mzee kwenye mawe hana tatizo hili, kwa sababu mshipi wake ni mnene mwanzo hadi mwisho na anaurusha mita ishirini, thelathini, pale pale samaki walipo.

Sasa urefu, na hapa ndipo wengi hukosea, hata walionunua lida nzuri. Lida ikiishia katikati ya fimbo, mkazo wote utapita kwenye uzi mwembamba uliobaki na utakuwa hujafanya kitu. Lazima ianze kwenye chubwi, ipite pete zote, ifike kwenye rili, kisha izunguke bobini mara 6 hadi 8 kabla ya kukutana na uzi mkuu.

Mizunguko hiyo ya nini? Umewahi kuona baharia akilizuia jahazi zima kwa kuzungusha kamba mara mbili tatu kwenye nguzo? Msuguano ndio unaofanya kazi, na kila mzunguko unapunguza mkazo kwa uwiano ule ule. Wanafizikia huuita mlinganyo wa Euler na Eytelwein. Tuchukue kizidishi kidogo cha msuguano, 0.1. Mizunguko 6 inaupunguza mkazo zaidi ya mara 40. Nyutoni 100 kwenye ncha ya fimbo zinafika kwenye fundo zikiwa mbili na nusu. Lile fundo linalounganisha nyuzi mbili, ambalo ndilo dhaifu kuliko yote, linakaa kimya kwenye bobini kama halijui kinachoendelea. Kinachohesabika hapo ni idadi ya mizunguko, si ukubwa wa bobini, kwa hiyo usipime kwa sentimita.

Kwa fimbo ya mita 4: mita 2 za kuning'inia kutoka nchani, mita 3 na kidogo kutoka ncha hadi rili, na mita moja na nusu hivi ya mizunguko kwenye bobini kubwa. Karibu mita 7. Mimi ningekata 9, kwa sababu mwisho wa chini unasagwa na mchanga na utakuwa unaukata na kufunga upya. Lakini hesabu mizunguko kila baada ya kukata. Lida iliyotosha asubuhi inaweza kuwa fupi kufikia adhuhuri.

Nirudi kwa ule mchanga ulioruka. Chubwi la gramu 150 kwenye mita 40 kwa sekunde lina nishati ya juli 120, sawa na nusu mfuko wa saruji, kilo 25, ukidondoka kutoka nusu mita, ila nishati hiyo yote iko kwenye kitu kidogo kuliko yai la kuku. Na uzi ukikatika, chubwi haliendi ulikolenga. Linaifuata tanjenti ya duara kuanzia pale lilipokuwa. Likichomoka mapema kwenye mzunguko, tanjenti hiyo huelekea pembeni, yaani sambamba na ufukwe, waliko watu.

Rafiki yangu alirudi wiki iliyofuata na lida ya ratili 55. Fundo alilisogeza kwenye ukingo wa bobini ili lisimkate kidole wakati wa kuachia uzi, na kabla ya kila mrusho alikuwa anaipitisha mita ya mwisho ya lida katikati ya kucha mbili, akitafuta mkwaruzo. Mrusho wa tatu aliukuta. Akakata, akafunga upya, akahesabu mizunguko: mitano. Akafungua mkoba kutoa lida nyingine.