Bastola za zama za Wabelgiji: magazini hutangulia kuoza, na ndiyo yenye hatari

Itebero, kwenye barabara ya taifa nambari 3 inayotoka Bukavu kupitia Hombo kuelekea Walikale na Kisangani, chuma hakina maisha marefu. Mvua hainyeshi kwa msimu tu, msitu uko mlangoni, na panga likikaa ukutani majuma machache bila kuguswa huanza kubadilika rangi. Kila mwenye pikipiki anajua hali ya mnyororo wake.

Katika hewa kama hiyo, bastola ya kijeshi ya zama za Wabelgiji ikisahaulika darini au ndani ya mfuko wa plastiki, si mtutu unaotangulia kuharibika. Mtutu ni chuma kinene. Kinachotangulia ni magazini, kile kisanduku chembamba kinachoingia ndani ya mpini na kubeba risasi. Kimetengenezwa kwa bati la chuma lililokunjwa, ndani yake mna springi, na juu ya springi kibao kidogo kinachosukuma risasi. Maji yakipenya hayapati njia ya kukauka. Jasho la mikono lina chumvi, nayo chumvi huvuta unyevu. Risasi zikiachwa ndani mambo huzidi kuwa mabaya, kwa sababu shaba ya maganda na chuma cha magazini vikigusana penye maji, chuma ndicho kinacholiwa.

Wahifadhi wa majumba ya makumbusho wanajua ugonjwa huo vizuri. Kazi yao inastahili kujulikana hata Walikale, ingawa huko neno bastola humfanya mtu awaze mambo mengine kabisa kabla ya makumbusho.

Kutoka Herstal hadi Kivu

Bastola nyingi za zamani zilizopita mikononi mwa wanajeshi wa Congo zina ukoo mmoja: kiwanda cha FN cha Herstal, karibu na Liège, kilichoanzishwa mwaka 1889. Mmarekani John Browning alikipa kiwanda hicho michoro yake, na bastola ya mwaka 1900, yenye magazini ya risasi saba za milimita 7,65, ikachukuliwa na jeshi la Ubelgiji. Ikafuatwa na ile ya 1903, ya 1910, na ya 1922 iliyorefushwa mpini ili magazini ibebe risasi tisa.

Ile ya 1910 ina historia inayofika hadi kwetu. Gavrilo Princip alitumia bastola ya aina hiyo Sarajevo, tarehe 28 Juni 1914, kumuua mrithi wa kiti cha Austria, Franz Ferdinand. Vita vilivyofuata havikubaki Ulaya. Mwezi wa Septemba mwaka huohuo Wajerumani waliteka kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu, na miaka miwili baadaye Force Publique, chini ya Jenerali Tombeur, ilivuka Rwanda na kuingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Upande wa Wajerumani, bastola ya jeshi lao ilikuwa P08, maarufu kwa jina Luger, yenye magazini ya risasi nane na kitako cha mbao.

Lakini tusidanganyane kuhusu nani alivaa bastola kiunoni. Askari wa Force Publique alibeba bunduki. Mpagazi alibeba sanduku la risasi kichwani. Bastola ilikuwa hasa ya ofisa, na ofisa alikuwa mzungu: hadi uhuru wa tarehe 30 Juni 1960 hapakuwa na Mkongomani hata mmoja mwenye cheo cha ofisa katika jeshi hilo. Askari waliasi siku tano baada ya uhuru, jeshi likabadilishwa jina kuwa Armée Nationale Congolaise, na vyeo vikafunguliwa kwa wenyeji. Bastola nazo zikabadili viuno.

Iliyojulikana zaidi wakati huo ni GP, yaani Grande Puissance, ya mwaka 1935. Browning alifariki mwaka 1926 akiwa kazini Herstal kabla ya kuimaliza. Mbelgiji Dieudonné Saive ndiye aliyeikamilisha, na sifa yake kubwa ni magazini yenyewe: alizipanga risasi kwa safu mbili zinazopishana, zikaingia 13 ndani ya mpini ambao mkono wa kawaida unaweza kuushika.

Kazi ya subira

Katika makumbusho, usafi wa magazini hauanzi na mafuta. Unaanza na mtaalamu wa silaha kuthibitisha kwamba bastola na magazini vyote viwili ni vitupu. Ndipo picha zinapopigwa, pande zote, na kila namba na alama kuandikwa. Katika Luger nyingi za jeshi, namba ya bastola imegongwa pia kwenye kitako cha magazini, na magazini ya akiba ina alama ya msalaba mdogo. Namba zikilingana, mhifadhi anajua kwamba vitu hivyo havikuwahi kutenganishwa. Mtu akipiga msasa kwa dakika mbili ili ing'ae, ushahidi huo umekwenda.

Vumbi huondolewa kwa brashi laini, kikavu. Mafuta ya zamani yaliyoganda kama gundi hufutwa kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo tu kwa kiyeyusho cha rangi, dirisha likiwa wazi. Kutu inaangaliwa kwanza. Ya kahawia iliyoshikamana na iliyotulia huweza kuachwa ilivyo. Ya rangi ya chungwa, inayotoa unga, ndiyo inayoendelea kula chuma, na hiyo hukwanguliwa pole pole kwa kijiti cha mwanzi au kisu kidogo chini ya kioo cha kukuzia. Nyuzi za chuma na msasa haviruhusiwi. Wala ndimu, wala tindikali ya betri: kweli huondoa kutu, lakini hula na chuma chenyewe, na zikibaki ndani ya mikunjo kutu hurudi kwa nguvu. Magazini iliyopakwa nikeli haisuguliwi kwa dawa ya kung'arisha, maana nikeli ni ngozi nyembamba na kila msuguo unaipunguza.

Kuna sehemu mbili ambazo mkono wenye haraka huziharibu. Ya kwanza ni midomo ya juu inayoshika risasi. Ikipinda, kuinyosha kwa koleo huipasua. Ya pili ni kitako. Magazini nyingine zina kifuniko cha chini kinachoteleza, springi ikatoka, ndani pakasafishwa. Nyingine zimefungwa kiwandani zisifunguliwe tena, na mhifadhi mzuri haziforsi. Hupuliza hewa, hupitisha brashi nyembamba kwa juu, basi.

Mwisho hupakwa tabaka jembamba sana la nta au mafuta mepesi. Mafuta mengi si ulinzi, hukamata vumbi, na kwenye kitako cha mbao hunyonywa na kuacha doa jeusi. Mbao hizo zina shida ya peke yake. Zinapenda unyevu wa wastani zisipasuke, wakati chuma kinataka ukavu. Hewa ikipita takriban asilimia 65 ya unyevu, kutu hushika kasi. Hivyo mhifadhi hutafuta mahali pa katikati, akaweka magazini nje ya bastola, nje ya ala ya ngozi pia, kwa kuwa dawa zilizotumika kulainisha ngozi zina asidi. Huifunga kwa karatasi isiyo na asidi ndani ya kisanduku chenye vifuko vya silika, vile vidogo vinavyokuja ndani ya viatu vipya, na kila baada ya muda huvikagua.

Kazi yote hiyo inadai umeme, chumba kikavu na mshahara wa mtu. Kinshasa ilipata Makumbusho ya Taifa mapya mwaka 2019, yaliyojengwa kwa msaada wa Korea Kusini. Bastola ya Sarajevo iko Vienna, katika makumbusho ya historia ya kijeshi. Walikale haina chumba kama hicho.

Ikipatikana Itebero

Hapa ndipo ushauri wa makumbusho unapogeuka. Mkaaji wa Itebero anayekuta bastola kuukuu akilima au akibomoa nyumba ya zamani asiisafishe. Asiiguse.

Risasi zilizokaa miongo mingi ndani ya magazini yenye kutu hazikufa. Ganda hupasuka, baruti hubadilika, na kuigonga kwa nyundo ili itoke, au kuiweka karibu na moto ili ikauke, ni kutafuta kifo. Wengi pia hufikiri kwamba magazini ikitoka, bastola imekuwa salama. Sivyo. Risasi moja inaweza kubaki ndani ya mtutu. GP ina kizuizi kinachofunga kifyatulio magazini ikiwa nje, lakini kizuizi cha miaka sabini chenye kutu si kitu cha kuwekea maisha ya mtoto rehani, na magazini ikirudishwa tu, risasi ile iko tayari.

Kuna hatari nyingine isiyo ya baruti. Sheria ya tarehe 3 Septemba 1985 kuhusu silaha na risasi inadai kibali kwa anayemiliki silaha. Na katika wilaya iliyopitiwa na vikundi vingi vya silaha, ambayo makao makuu yake yalitekwa na M23 mwezi wa Machi 2025 kabla ya waasi hao kuondoka wiki mbili hivi baadaye, anayepekua nyumba hatauliza bastola ni ya mwaka gani. Kwake yeye, mwenye nyumba ana silaha. Kuweka alama ya kijiti mahali ilipo, kuwazuia watoto, na kumwarifu mkuu wa kijiji ili habari ifike kwa wataalamu wa kuondoa mabomu, ndiyo hatua inayompa mkaaji usalama.

Yale mengine ya wahifadhi yanabaki kuwa na faida nyumbani, kwa vitu visivyo na risasi. Cherehani ya bibi, medali ya chifu iliyobaki katika ukoo, kengele ya misioni: mikono mikavu, brashi laini, nta kidogo, bati lenye kifuniko linalofunga vizuri. Medali isisuguliwe hadi maandishi yakafutika.

Kuhusu bastola zenyewe, silaha zinazokusanywa kwa wapiganaji wanaojisalimisha kwa kawaida huishia kukatwa au kuyeyushwa, na kwa Kivu ya Kaskazini hakuna wa kulalamika. Hata hivyo miongoni mwa Kalashnikov zilizochakaa huweza kulala Browning ya mwaka 1910, namba yake ikiwa bado inasomeka. Mpango wa serikali wa kuwapokonya silaha wapiganaji na kuwarudisha katika maisha ya raia, PDDRC-S, ulioanzishwa mwaka 2021, hauhitaji chumba cha silika ili kuokoa kitu hapo. Baada ya mtaalamu kuiondolea risasi, na kabla ya msumeno, picha mbili za simu zinatosha, moja ya alama za kiwanda na moja ya kitako cha magazini, pamoja na jina la kijiji ilipotoka.