Nywila ya Kuwashia Kompyuta: Suala la Istilahi na Hifadhi ya Data za Lugha

Madhumuni ya makala haya ni kubainisha maana tatu zinazobebwa na neno moja, nywila (wengine husema nenosiri), na kuonyesha kwamba kuzichanganya kunaweza kumgharimu mtafiti wa lugha data zake.

Tuanzie Wema, kijiji cha Wapokomo katika delta ya mto Tana, upande wa Garsen. Huko mwandishi alirekodi masimulizi ya wazee kwa Kipokomo, lugha ya kundi la Sabaki iliyo ndugu ya Kiswahili. Rekodi zilitiwa katika kompyuta ya pamoja. Mwenzetu aliyeiwekea nywila alihamia kazi nyingine bila kumwachia mtu neno hilo. Fundi tuliyemwendea alituuliza, "Nywila ipi?" Sisi walimu wa lugha hatukuwa na jibu.

Ya kwanza ni nywila ya kuwashia. Huulizwa mara tu mashine inapowashwa, kabla mfumo endeshi haujaanza kazi, na huwekwa katika programu ya msingi iliyomo kwenye bodi kuu. Huandamana na nywila ya msimamizi, ambayo huzuia mipangilio ya programu hiyo isibadilishwe. Katika kompyuta nyingi za zamani, kuondoa betri ndogo ya bodi kuu huifuta. Katika nyingi za mkononi za siku hizi, hakusaidii.

Ya pili ni nywila ya akaunti, inayoulizwa na mfumo endeshi ili kumtambua mtumiaji.

Ya tatu ni nywila ya usimbaji. Hii haifungi mlango tu, bali hulinda data iliyogeuzwa kuwa fumbo. Ikipotea pamoja na ufunguo wake wa akiba, data hupotea pia.

Yetu ilikuwa ya kwanza. Fundi aliichomoa diski, akaiunganisha na mashine nyingine, na sauti za wazee zikasikika. Furaha yetu ilichanganyika na fadhaa. Baadhi ya masimulizi yaligusa ardhi na mapigano ya Wapokomo na Waorma ya 2012 na 2013. Nasi tuliwaahidi wasimulizi kwamba yamefungwa. Kumbe yeyote ambaye angeiiba diski ile angeyasikia.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, kamusi na miongozo yetu isiliache neno nywila peke yake, bali itaje kazi yake: ya kuwashia, ya msimamizi, ya akaunti, ya usimbaji. Pili, kila nywila ya mashine ya utafiti iandikwe, itiwe katika bahasha iliyofungwa, iwekwe chini ya watu wawili wa idara, na ijaribiwe kabla ya safari. Nakala ya rekodi, nayo ikiwa imesimbwa, iwekwe mahali pengine.

Kanuni ya siri kukabidhiwa zaidi ya mtu mmoja si ngeni kwa Wapokomo. Ngadzi, ngoma yao takatifu iliyochukuliwa enzi ya ukoloni na kupelekwa British Museum, London, ilikuwa amana ya baraza la wazee. Mzee mmoja alipofariki, wengine walibaki na siri yake. Mtafiti anayebeba sauti za watu hao hana budi kuzitunza kwa uangalifu usiopungua huo.